Kuijua Kigali kwa pikipiki yako mwenyewe: mwongozo kamili kwa anayetokea Tanzania kupitia Rusumo

Wakuu, huu mwongozo ni wa yule mwenye pikipiki yake, barabara za kwetu anazijua vizuri, ila hajawahi kuendesha kwenye mji wa nchi nyingine na sasa anataka aingie Kigali aijue kweli kweli, sio apite tu. Mimi natumia Boxer 150 na nimeshaingia nayo Kigali mara nne nikitokea Kahama, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu wa pikipiki ya kawaida tu. Kuna jambo moja nataka ulishike toka sasa hivi: siku ya kwanza Kigali usiendeshe. Iache pikipiki gesti ipumzike, panda moto, yaani bodaboda ya kule, kaa nyuma uangalie. Nitalieleza kwa kirefu huko mbele.

Hatua ya 1: Makaratasi

Hapa sikai sana. Pasipoti yako iwe hai, viza hulipii kwa sababu wote tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Leseni yenye daraja A, sio ile ya gari peke yake. Kadi ya pikipiki ile orijino, na kama jina lililoandikwa sio lako basi barua ya mwenye pikipiki inayokuruhusu kutoka nayo nje ya nchi, igongwe muhuri na wakili, maana hapo ndo watu wengi wanakwamia na kurudishwa. Bima ya kwetu inaishia mpakani, kwa hiyo kabla hujaondoka mwambie wakala wako wa bima akukatie Yellow Card ya COMESA, yaani kadi ya bima ya kuvukia mipaka, na COMESA ni soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania sio mwanachama wa COMESA ila kwenye huo mpango wa bima tumo, usikubali mtu akuambie haiwezekani. Mpakani forodha wanakupa kibali cha muda cha kuingiza chombo, kisome pale pale dirishani uone tarehe ya mwisho, usikikunje ukatia mfukoni ukaja kukisoma siku ya kuondoka.

Piga picha kila karatasi weka kwenye simu, afu toa kopi mbili za karatasi.

Hatua ya 2: Pikipiki yenyewe

Kigali iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ni mji wa vilima vitupu. Hakuna safari ya dakika kumi ambayo hushuki na kupanda. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni breki. Badilisha breki shuu za nyuma hata kama zimebaki kidogo, na ya mbele ikaze vizuri. Kluchi keibo weka mpya na ile ya zamani ibebe kama spea, maana kwenye mlima na foleni unaibana kila sekunde. Cheni ipakwe oili, matairi yawe na meno.

Halafu vioo vya pembeni. Najua kwetu watu tunavitoa au tunavikunja ndani vipite katikati ya magari, sasa Rwanda funga vyote viwili na cha kushoto ndo ukiheshimu zaidi, kwa sababu kule utakuwa unapita gari lingine kwa kushoto, na anayekupita wewe anatokea kushoto. Kioo hicho ndo jicho lako.

Spea nazobeba mimi: plagi, keibo ya kluchi, tyubu moja, pampu ndogo, spana za kawaida na waya. Basi. Mafundi Kigali wapo wengi na TVS ndo zimejaa mjini, vipuri vya Boxer navyo vinapatikana ila inabidi uulizie.

Kofia ngumu mbili. Hata kama uko peke yako, beba mbili kama kuna uwezekano wowote wa kumbeba mtu, maana kule abiria bila kofia haendi hata mita mia. Na mshikaki sahau kabisa, abiria ni mmoja tu.

Hatua ya 3: Kuvuka Rusumo na kubadili upande

Mpaka uko kwenye mto Kagera, wao wanauita Akagera, na maporomoko ya Rusumo yako pale pale karibu na daraja, unaweza kuyasikia. Ofisi za pande zote mbili zinafanya kazi pamoja kwa hiyo ukienda Rwanda unagongewa kutoka na kuingia sehemu moja upande wa Rwanda. Mifuko ya plastiki acha huku huku. Wao wameipiga marufuku toka 2008, miaka kumi na moja kabla yetu, na hawaichukulii kama jambo la mchezo. Nguo zako zilizofungwa kwenye rambo zihamishie kwenye begi.

Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Wanyarwanda wanahesabu saa kama sisi, wanasema saa mbili kwa maana ya saa mbili yetu ya asubuhi, ila saa yao iko nyuma. Ukivuka saa sita mchana ya Tanzania, kwao ni saa tano. Hii inachanganya kwa sababu lugha ya saa ni ile ile, mtu anakwambia tukutane saa nane na wewe unafika saa saba yake.

Sasa upande. Rwanda wanaendesha kulia. Ukishatoka geti la mpaka ndo umeshaingia kwenye maisha hayo, na akili yako haitabadilika kwa kuiambia tu. Dawa nayotumia mimi ni utepe mwekundu, kipande cha kitambaa upana wa vidole viwili, naufunga kwenye mshikio wa kulia pale karibu na breki ya mbele. Kila nikishika gesi naugusa. Utepe uko upande ambao ukingo wa barabara unatakiwa uwe, yaani mtaro, watoto wa shule, mama mwenye mzigo kichwani, wote wawe upande wa utepe. Ukiona mtaro uko upande mwingine, umekosea, simama.

Kwenye barabara yenye magari hutakosea, kwa sababu unafuata aliye mbele. Hatari iko mahali patupu. Safari yangu ya pili niliingia sheli moja baada ya Kayonza, nikajaza, nikanywa maji, nikapiga simu nyumbani, nikawasha nikatoka. Barabara nyeupe, hamna gari kushoto wala kulia, na mkono wangu ukanipeleka kushoto wenyewe kama ulivyozoea miaka kumi na tano. Nikaenda hivyo labda mita mia mbili, raha mstarehe, mpaka nikaona lori linapanda kona likiwa kwenye upande wangu na linawasha taa. Niliwaza huyu dereva kalewa. Nilitoka nje ya lami nikasimama kwenye nyasi, mikono inatetemeka, na lori likapita likipiga honi ndefu. Utepe sikuwa nimefunga siku hiyo. Toka hapo nina kanuni: kila nikisimama, iwe sheli, iwe kununua ndizi, kabla ya kuwasha nasema kwa sauti "kulia". Kwa sauti kabisa, wanaonicheka wacheke.

Hatua ya 4: Rusumo mpaka Kigali

Ni kama kilomita 160, lami nzuri, unapita Kirehe, Ngoma ambako wengi bado wanapaita Kibungo, Kayonza, Rwamagana, Kabuga, ndo unaingia mjini kwa upande wa mashariki. Usikadirie kwa kasi ya kwetu. Vibao vya 60 na 40 vimejaa na kamera zipo, za kusimama na za kuhamishwa, wenyewe wanaziita Sofia. Utasikia mtu anasema Sofia yuko pale mbele, anamaanisha kamera. Faini huwa inalipwa kwa simu au benki, haishikwi mkononi na trafiki, na naomba sana usijaribu ule mchezo wa kumpa afande ya soda. Kwao ni kosa la rushwa na linakupeleka mbali kuliko hiyo faini yenyewe.

Panga uvuke mpaka asubuhi, ufike Kabuga mapema mchana. Kigali giza linaingia saa kumi na mbili jioni kwa saa yao, na kuingia mji usioujua, upande usiouzoea, gizani, mvua inanyesha, hilo ni jambo la kujitakia.

Ukifika usivuke mji. Lala Remera. Barabara ya kutoka Rusumo inakuleta huko huko baada ya kupita uwanja wa ndege, gesti zipo za bei zote kuanzia Giporoso mpaka Kisimenti, na hutahitaji kuigusa katikati ya mji siku umechoka. Chagua gesti yenye geti na mlinzi, na muulize pikipiki inalala wapi kabla hujauliza bei ya chumba.

Hatua ya 5: Laini, hela na maneno

Nunua laini ya MTN au Airtel kwa pasipoti yako siku hiyo hiyo. MoMo, yaani hela ya kwenye simu, ndo kila kitu, hata motari, yaani dereva wa moto, unamlipa kwa simu. Shilingi badilisha kidogo tu mpakani ya kula na mafuta, nyingine badilisha mjini. Pakua ramani ya Kigali nzima kwenye simu ukiwa na waifai ya gesti ili isitegemee bando.

Maneno machache yatakusaidia kuliko ramani. Kulia ni iburyo, kushoto ibumoso, na neno komeza maana yake endelea. Kofia ngumu ni kasike. Petroli ni lisansi, na hili lishike, ukisema mafuta utaeleweka kama mtu wa mafuta ya kupikia au ya kujipaka. Dizeli ni mazutu. Salamu ya asubuhi mwaramutse, mchana na jioni mwiriwe, asante murakoze. Kiswahili kiliingizwa kwenye lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, lakini usitegemee kila mtu anakijua. Wazee, wafanyabiashara, madereva wa malori, hao utaongea nao. Kijana wa dukani labda Kinyarwanda na Kiingereza. Anza na salamu yao kwanza ndo uchomekee Kiswahili, utaona uso unavyobadilika.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, nyuma ya motari

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye faida kuliko zote. Asubuhi baada ya chai toka nje ya gesti, utawaona motari wamejipanga, wamevaa vizibao vyenye namba na kila mmoja ana kofia ya pili ya abiria. Tafuta mtu mzima kidogo anayeongea Kiswahili, mwambie ukweli: kaka, mimi nina pikipiki yangu, natoka Tanzania, sijazoea kulia, nataka unizungushe nusu siku unionyeshe mji unavyokwenda. Elewaneni bei ya nusu siku kabla ya kupanda. Mimi wa kwanza niliyemwambia hivyo aliniangalia, akacheka kwa furaha, akanivalisha kofia mwenyewe akanibana mkanda wa kidevu, na toka hapo akawa ananifundisha njia nzima kama mdogo wake.

Ukikaa nyuma usiangalie majengo. Angalia mambo haya. Anapokata kushoto anavuka njia ya wanaokuja, kwa hiyo anasogea karibu na mstari wa katikati mapema, anasubiri, ndo anakata. Kukata kulia ni rahisi, kama kushoto kwetu. Kabla ya kuingia barabara kubwa kichwa chake kinageuka kushoto kwanza. Miguu yako nyuma pale itaanza kukanyaga breki za hewani, shingo yako itageuka kulia na utashtuka gari linatokea kushoto, na huo mshtuko ndo masomo yenyewe, unaupata ukiwa salama.

Halafu kipilefti. Sisi jina lenyewe limetuambia kaa kushoto, na toka utoto tunazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa. Kigali unaingia kulia, unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na aliyeko ndani anatokea kushoto kwako ndo unampisha. Mwambie motari azunguke kipilefti kimoja mara tatu. Yaani mara tatu, mzunguko kamili, hapo hapo. Mimi wa kwangu alinizungusha kile kikubwa cha chini ya Kigali Convention Centre, lile jengo la kuba ambalo usiku linawaka rangi, na mzunguko wa tatu ndo nikahisi mwili umekubali.

Mataa mengi yana namba zinazohesabu sekunde. Watu wanasubiri mpaka sifuri. Usiondoke kwenye mbili kama tunavyofanya, utakuwa peke yako katikati ya njia panda na trafiki anakuangalia.

Mwambie akupitishe Gishushu, Convention, mshuke bondeni mpande mjini kati, kisha Biryogo na Nyamirambo mle chakula. Kurudi mtumie njia nyingine, ya Rwandex na Sonatube, ili uuone mji kwa migongo miwili tofauti ya vilima.

Hatua ya 7: Ramani ya kichwani

Jioni hiyo kaa na ramani. Kigali haina mitaa ya mraba, ina migongo na mabonde. Barabara kubwa zinatembea juu ya mgongo wa kilima au chini kabisa bondeni, na katikati ni vinjia vinavyopinda pinda kwenye mteremko. Kitu unachokiona kwa macho, kama nusu kilomita hivi, kinaweza kuwa kilomita nne kwa barabara kwa sababu kuna bonde katikati. Ukishajua uko kilima gani na unataka kilima gani, swali linabaki moja tu, unashukia wapi.

Na majina ya barabara yana utaratibu mzuri sana, nautamani uwe kwetu. Herufi mbili za mwanzo ni wilaya: KN ni Nyarugenge, ambako mji ulianzia mwaka 1907, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro. Halafu namba, halafu St kwa mtaa mdogo, Ave au Rd kwa kubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia KG 14 Ave unajua tayari uko upande wa Gasabo kwenye barabara kubwa, na ukipotea ukaona kibao kimeandikwa KK, umeshajua umeangukia kusini. Vibao vipo kona karibu zote. Simu iache mfukoni, soma vibao.

Hatua ya 8: Sasa endesha, kidole kimoja kimoja

Fikiria Remera ni kiganja, na njia tano zinatoka hapo kama vidole. Kila siku kidole kimoja au viwili, unakwenda mpaka ncha, unarudi kiganjani. Usiunganishe ncha na ncha mpaka umezijua zote.

Kidole gumba: Kimironko. Ni karibu, kuna soko kubwa la ndizi, vitenge, samaki, maharage ya kila rangi. Endelea Kibagabaga na Nyarutarama, barabara tulivu, nzuri za kuzoezea mkono. Hapa tumia asubuhi nzima, ukate kushoto mara ishirini.

Cha pili: Gishushu, Kacyiru, Gisozi. Kacyiru kuna ofisi za serikali na za rais, usisimame kupiga picha, na ukiona askari wenye silaha pembeni ya njia pita mwendo wa kawaida. Gisozi ndo kuna Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, kwenye KG 14 Ave, ilifunguliwa 2004, na wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Kuingia hulipi. Nakuomba ukienda, usiweke kitu kingine siku hiyo. Mimi nilitoka pale nikakaa juu ya pikipiki bila kuwasha karibu nusu saa, kuna chumba cha picha za watoto, kila mtoto na chakula alichokipenda, sitaki kueleza zaidi. Mtu akitoka mle hana akili ya kuendesha upande asiouzoea. Kaa kwenye bustani mpaka utulie. Na kama safari yako inaangukia Aprili, kuanzia tarehe 7 nchi iko kwenye maombolezo, muziki na sherehe hamna, punguza sauti na wewe.

Cha tatu ndo kirefu, Sonatube, Rwandex, mjini kati, Nyamirambo. Nyamirambo utajisikia uko nyumbani. Biryogo enzi za ukoloni ndo kulikaa Waswahili na wafanyabiashara Waislamu, na mpaka leo misikiti, kanzu na Kiswahili viko hapo. Kuna mtaa umefungwa magari, umepakwa rangi chini, meza ziko katikati ya njia, wanauza chai ya maziwa na mishikaki ya mbuzi wanayoiita burusheti. Pikipiki iache nje ya vizuizi. Kuna vibanda vya maziwa pia, agiza ikivuguto, maziwa mgando ya baridi kwenye glasi kubwa, kwa chapati. Nimekaa pale na wazee wananiuliza habari za Kigoma na Tabora kama vile ni mtaa wa pili.

Cha nne: Kicukiro mpaka Nyanza na Rebero. Rebero panda jioni kabla jua halijazama, usimamishe pikipiki ukingoni uutazame mji mzima, na hapo ndo jaribu kuvitaja vilima kimoja kimoja kwa jina. Ukiweza vitano ramani imeshakaa.

Cha mwisho, na uache kiwe cha mwisho kweli, Nyabugogo. Iko bondeni, stendi kubwa ya mabasi, malori ya kaskazini na ya magharibi yote yanakutana pale, watu, mikokoteni, motari mia. Nenda ukiwa umeshapata siku tatu nne za mkono.

Mambo ya kuangalia kila siku

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za jamii, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, maduka yamefungwa na huzururi barabarani na pikipiki. Tulia gesti, au uliza kama unaweza kushiriki, mimi niliwahi kupewa jembe na nikazibua mtaro na majirani wa gesti na ile siku nilipata marafiki wengi kuliko wiki nzima. Jumapili mbili kwa mwezi kuna asubuhi ya kufunga baadhi ya barabara kubwa watu wafanye mazoezi, kwa hiyo ukikuta kizuizi usibishane, geuza.

Mitaro. Pembeni ya barabara kuna mitaro mirefu ya mawe, mingine inakufikia kifuani, na iko kulia kwako. Ukipisha lori usijibane sana.

Mitaa ya ndani mingi imepangwa mawe badala ya lami. Kavu haina shida, ikinyesha inakuwa kama sabuni. Shuka kwa gia namba moja, breki ya nyuma kwa kugusa gusa, ya mbele iache. Mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, na nyingine Septemba mwishoni mpaka Desemba. Ikianza wewe fanya kama motari, wote wanaingia chini ya kibaraza cha sheli au duka, wanasubiri. Haichukui muda.

Pikipiki za umeme. Zimejaa na zinazidi, kuanzia 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa ziwe za umeme. Zinakuja kimya. Masikio yako yaliyozoea kusikia Boxer inakuja nyuma hayatakusaidia, angalia kioo cha kushoto kila kabla ya kusogea hata kidogo.

Kuegesha mlimani: pua ielekee juu, gia namba moja, stendi ya pembeni iwe upande ambao pikipiki inaegemea kilima. Ukiiacha nyutro itashuka yenyewe na kuangukia ya mwenzio. Na usipande kwenye bustani za barabarani, nyasi zile hazikanyagwi hata kwa mguu.

Ukipotea, na utapotea, usigeuze katikati ya barabara. Komeza mpaka kipilefti kinachofuata, zunguka, rudi. Ukishindwa kabisa simamisha motari, mtajie sehemu, mlipe atangulie umfuate. Bei ni ile ile ya abiria na inakupa njia ya kichwani bure.

Hatua ya 9: Kurudi

Kurudi toka Remera alfajiri, saa kumi na mbili, hutavuka mji, ila jua linakuwa usoni kwa hiyo vaa miwani. Kibali cha forodha kiwe mfuko wa juu, unakirudisha pale Rusumo na unahakikisha wamekufungia kabisa kwenye mfumo, usiondoke kwa kuambiwa tayari tu, omba uone.

Halafu uvuke, na hapa uwe makini kuliko ulivyokuwa kwenda. Ukikaa Kigali wiki, mwili umeshageuka, na unapotoka geti la Tanzania umefurahi, umefika kwenu, unaongea na simu, mkono unakupeleka kulia. Utepe ufungue kule kule kabla ya geti uufunge mshikio wa kushoto, sema "kushoto" kwa sauti, afu nenda taratibu mpaka Benako. Mimi Benako ndo naufungua, nakunywa chai, naukunja naurudisha kwenye mfuko wa spana.